Sheria za Barabarani Nyuma ya Pazia

Siku ya tatu ya matanga ya kaka yangu Haruna, wanaume wamekaa uani chini ya turubai na sisi wanawake tuko ndani tunachambua mchele, nilisikia sauti ya Saidi ikipanda juu ya sauti za wenzake. Saidi alikuwa rafiki wa Haruna tangu ujana wao. Leo ni mzee mwenye magoti mabovu, lakini mdomo wake haujazeeka. Alikuwa anawaambia vijana wa taksi-moto, pikipiki za abiria, waliokuja kuzika: "Nyie leo munafanya mtihani kwa kompyuta, munabofya tu, munaenda. Sisi tulisoma sheria za barabara kwa kaswida! Na muntu aliyetunga ile kaswida ni huyu tuliyemuzika juzi. Haruna alikuwa mwalimu wa Kamembe muzima." Vijana wakasema Mungu amrehemu. Kisha Saidi akaanza kuimba ule ubeti wa kwanza, taratibu, na wazee wawili watatu wakamwitikia. Mkono wangu ulisimama ndani ya ungo. Mjane wa Haruna aliniangalia, akainamisha macho, kwa sababu yeye anajua. Mtu hagombani na sifa za marehemu mbele ya watu waliokuja kumwombea. Nilifundishwa hivyo, na ndivyo ninavyowafundisha wasichana wa madrasa mpaka leo. Nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Lakini kaswida ile niliitunga mimi, na mwaka nilioitunga ndio mwaka ninaoukumbuka kuliko miaka yangu yote, kuliko hata ule wa kuolewa.

Jinsi tulivyofika katika nyumba ya Papa mkubwa Shabani, yaani baba yetu mkubwa, mimi, Haruna na mama yetu tuliyemwita Maman, ni habari ndefu na sitaieleza hapa. Inatosha kusema kwamba tulikula kwake na tulilala kwake. Nyumba ilikuwa nyuma ya soko la Kamembe, upande wa Rwanda, na sebule yake ilikatwa katikati kwa pazia zito la kijani lililotoka Bukavu, Kongo. Upande wa mlango walikaa wageni wa kiume. Upande wa ndani tulikaa sisi, karibu na mbabula, jiko la makaa, na harufu ya sambaza, dagaa wa ziwani, za kukaanga ilikuwa imeingia katika pazia lile kiasi kwamba hata likifuliwa haikutoka. Papa mkubwa alinunua mchele Bugarama na kuuza mjini. Mwaka huo alinunua pikipiki, iliyotumika lakini nzima, ili ifanye taksi-moto. Jioni moja tumekula ugali wa muhogo na sombe ya majani yake, akanawa mikono, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi: "Moto iko pale. Anayetaka kuipanda, asome. Muntu wa nyumba hii atakayepita mitihani ya serikali wa kwanza, funguo ni zake." Haruna alicheka kwa furaha. Mimi nilikuwa nakusanya sahani, na nilisikia maneno yale yale aliyoyasikia yeye. Nyumba ile ilikuwa na vijana wawili wa umri wa kupanda pikipiki, naye hakusema mwanamume.

Sikuyataka yale kwa mchezo. Wanawake wa mtaa wetu walikuwa na taabu moja ambayo wanaume hawakuiona. Taksi-moto zilikuwa zimeanza kujaa mjini, na mwanamke akitaka kwenda Giheke sokoni au Gitambi kumwona mgonjwa, ilimbidi apande nyuma ya mwanamume asiyemjua, mwili kwa mwili, kwenye barabara ya mashimo. Wengine walibeba kikapu na kukiweka katikati yao na dereva. Wengine walitembea kwa miguu mpaka jasho likawamaliza. Nilimwambia Maman jikoni: "Wanawake wakipanda nyuma ya mwanamke mwenzao, kuna aibu gani?" Maman alikuwa anageuza sambaza. Akasema, "Mwanangu, hilo ni neno zuri. Lakini neno zuri halimulishi muntu." Hakunikataza, lakini pia hakusema ndiyo. Wanawake wa darsa langu la dini waliponisikia ndio waliofurahi. Mmoja wao, mjamzito wa mimba yake ya tano, alinishika mkono akasema, "Ustadha, harakisha basi, usiniache nizalie kwa kikapu."

Mtihani wa kwanza ulikuwa wa sheria, wa kuandika. Ukiufaulu unapewa provizwari, yaani leseni ya muda, na baada yake ndipo unafanya mtihani wa pili wa kuendesha mbele ya polisi. Maswali yaliandikwa kwa Kinyarwanda au Kifaransa, na hapo ndipo Haruna alipokwama. Alikulia kwenye biashara za Bukavu, Kiswahili kilimtoka kama maji, lakini Kinyarwanda cha serikali, chenye maneno marefu kama treni, kilimchosha katika mstari wa kwanza. Saidi alikuwa vile vile, pamoja na vijana wengine wawili waliokuwa wanamfuata. Mimi nilisoma shule upande huu, nilikijua. Basi Haruna akaja jikoni, akachuchumaa karibu na mbabula kama mtoto anayetaka kipande cha nyama. "Zaina, dada yangu. Utusomee." Nikamwambia, "Nitawasomea, lakini na mimi naandikisha jina langu." Akasema, "Andikisha. Nani anakukataza?" Nayakumbuka maneno hayo na sauti aliyoyasema nayo. Hayakuwa ya uongo siku ile.

Haikufaa nikae na vijana wa kiume uso kwa uso, kwa hiyo nilifundisha kutoka nyuma ya pazia. Kila baada ya sala ya alasiri walikuja wakakaa kwenye mkeka upande wao, mimi upande wangu na kitabu cha sheria magotini. Nilisoma swali kwa Kinyarwanda, nikalieleza kwa Kiswahili, wakajibu. Mambo ya njia panda ndiyo yaliyowasumbua, nani apite kwanza na nani asimame, kwa hiyo nilichukua sinia ya bati, nikachora barabara kwa chaki, nikaweka haragwe kuwa pikipiki, karanga kuwa gari, kipande cha kaa kuwa lori, nikaisukuma sinia chini ya pazia. Wao walisogeza magari na kunirudishia, nami nikasahihisha na kuisukuma tena. Siku moja sinia ilirudi pungufu. Nikauliza, "Gari la kulia liko wapi?" Kisha sauti ya Saidi: "Nimelipisha, Ustadha. Limepita kooni." Walicheka mpaka Papa mkubwa akakohoa chumbani kwake. Mimi nami nilicheka na kitambaa mdomoni. Nataka msomaji ajue kwamba tulicheka, kwa sababu uchungu wa mambo haya haukutoka kwa watu wabaya.

Lakini walisahau. Leo wanajua, kesho hawajui. Nami nilikuwa na njia moja tu ya kumfundisha mtu asisahau, njia niliyofundishwa mimi mwenyewe tangu nina meno ya utoto: kuimba. Katika madrasa yetu tuliimba nguzo za dini, tuliimba majina ya mitume, tuliimba mambo ya udhu kwa mpangilio wake. Nikachukua sauti ya kaswida ya maulidi nikaitia maneno ya barabara.

*Anayetoka kulia, mpishe atangulie,*
*Mstari usokatika, kamwe usiurukie.*

Beti zilifuatana kama kitabu kilivyofuatana, na kila ubeti ulikuwa na kiitikio. Haruna aliongoza kwa sababu sauti yake ilikuwa nzuri, wengine wakaitikia, na mimi nyuma ya pazia nilipiga dufu kwa kiganja juu ya sinia. Wiki chache tu, vijana wote wanne walikuwa na sheria zote kifuani. Wapita njia walisimama dirishani. Papa mkubwa alijisifu msikitini kwamba nyumba yake inatoa madereva wanaomtaja Mungu kabla ya kugeuza usukani. Hakutaja nani anafundisha, na mimi wakati huo sikuona kwamba hakutaja.

Siku ya mtihani tuliingia katika ukumbi wa shule, watu wengi, wanawake wachache sana. Nilipewa benchi la mbele. Kaka yangu na wenzake walikaa nyuma, mmoja akimfuata mwingine. Nilifungua karatasi nikaona maswali yamechanganywa: la kwanza lilikuwa lile ambalo katika kaswida linakuja karibu na mwisho. Kwangu halikuwa tatizo, nilikuwa nimesoma kitabu. Lakini wao hawakuwa na kitabu, walikuwa na kaswida, na mtu aliyeshika kwa kuimba hawezi kuanzia katikati. Anaanza juu, anateremka mpaka anapofika. Nikasikia nyuma yangu mlio mdogo, kama nyuki ndani ya chupa. Haruna alikuwa ameanza ubeti wa kwanza, mdomo umefungwa, ili alifikie jibu. Swali la pili akaanza tena kutoka juu. Akasahau kwamba yuko mtihanini, sauti ikapanda kidogo, na alipofika mwisho wa ubeti, nyuma yake Saidi akaitikia. Hakukusudia. Ukimwimbia mtu wa kaswida ubeti, anaitikia, hata akiwa usingizini. Na wale wawili wakaitikia pia.

Askari polisi alikuja kutoka mlangoni kwa hatua kubwa. "Nyie! Munapeana majibu kwa wimbo?"

"Hapana afande," Haruna alisema, "tunakumbuka tu."

"Munakumbuka kwa sauti? Hapa ni mtihani, si maulidi. Nyie bane, toka inje!"

Ukumbi wote ulicheka. Niliwasikia wote wanne wakiburuta viatu wakitoka. Nilibaki nimeinama juu ya karatasi yangu, machozi yanataka kuja, na nikaendelea kuandika. Majina yaliposomwa, katika watu wote waliokuwa wameimba katika sebule ile, alifaulu mmoja, naye ni mimi.

Nilidhani nitarudi nyumbani na furaha ya kugawana. Nilikuta sebule imenyamaza kama ya msiba. Saidi peke yake alijaribu: "Ustadha, kosa ni lako. Uliitia utamu kupita kiasi." Hakuna aliyecheka. Baada ya magharibi Papa mkubwa aliniita upande wa wageni, pazia limefunguliwa, na nikamkabidhi provizwari yangu aione. Aliitazama, akaiweka mfukoni mwake. "Umefanya vizuri, mwanangu. Sasa tungoje kaka yako apite. Dada hawezi kumupita kaka yake njiani." Nikamwambia kwa adabu kwamba alisema atakayepita wa kwanza. Akasema, "Nilisema kwa kuwatia batoto nguvu." Nikamwomba tumuulize sheikh. Hilo hakuweza kulikataa. Sheikh wetu, mzee mpole, alikuja akanywa chai ya tangawizi, akasikiliza, akasema kwamba haoni katika dini kinachomzuia mwanamke kupanda pikipiki, mradi avae kwa staha na abebe wanawake wenzake; tena akasema huenda ikawa ni thawabu. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikiyasikia yote. Papa mkubwa alimshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi. Nikamsikia akimwambia Maman: "Sheikh ameongea dini. Miye naongea nyumba."

Nimefundisha dini karibu maisha yangu yote, na maneno hayo sita nimeyakuta katika nyumba nyingi, yamevaa nguo tofauti. Watu wa nje husema kwamba dini ndiyo iliyotufungia mlango. Mimi nilikuwepo. Dini ilikuja ikanywa chai, ikafungua mlango, na watu wangu wakaufunga baada ya kuisindikiza. Kisha wakaniambia nisubiri, kwani Mungu yuko pamoja na wenye kusubiri. Naliamini neno hilo jana na leo, na ninamshukuru Yeye aliyenipa subira hata ikanitosha kwa mume mgonjwa, kwa watoto, na kwa wasichana wa watu ninaowafundisha. Lakini nimeona pia kwamba wanaokusomea neno hilo kwa sauti kubwa kuliko wengine ni wale wale walioshika kitu chako mfukoni.

Basi nilisubiri, na katika kusubiri nikamfundisha Haruna upya. Safari hii bila kaswida. Nilimuuliza maswali kwa kurukaruka, akiwa anakula, akiwa anavaa viatu, akiwa anatoka msikitini. Naye alinilipa kwa njia yake: kila alfajiri baada ya sala alinipeleka kwenye uwanja wa mpira, akanifundisha kuendesha. Lazima niseme haki yake. Alikuwa mwalimu mzuri kuliko mimi. Alikimbia nyuma akishika kiti, anapumua kama ng'ombe, anapiga kelele: "Usiangalie gurudumu, Zaina! Angalia kule unakokwenda!" Siku aliyoachia mkono bila kuniambia, nilizunguka uwanja mzima peke yangu, baridi ya ziwa usoni, mtandio umefungwa chini ya kaske, ile kofia ngumu ya pikipiki, na niliporudi nilimkuta ameketi kwenye nyasi anacheka. "Wewe sasa ni dereva," akasema. "Miye nimeona." Tangu hapo mpaka siku ya kufa kwake hakuna sentensi aliyoniambia niliyoipenda kama hiyo.

Alifaulu mtihani wa sheria mara ya pili. Papa mkubwa alinirudishia provizwari yangu, tukaandikishwa wote wawili kwa mtihani wa kuendesha, siku moja, uwanja mmoja. Kila mtahiniwa alitakiwa aje na pikipiki, na sisi tulikuwa na moja. Tulikubaliana: jina lake litaitwa mapema, atafanya yeye, kisha atanipa. Watu wameniuliza kwa nini baada ya siku hiyo sikurudi kuandikisha tena. Ni kwa sababu kabla ya mwaka ule kwisha posa ilikuja kutoka Bugarama, ikakubaliwa, na provizwari ilimaliza muda wake ndani ya sanduku la nguo katika nyumba yenye joto, wakati nimebeba mimba yangu ya kwanza. Mume wangu alikuwa mtu mwema. Hakunikataza. Hakukuwa tena na mtu wa kunikataza wala kitu cha kukatazwa.

Asubuhi ile ya mtihani tulikwenda uwanjani Haruna akiendesha, mimi nyuma yake. Walipanga chupa za maji zenye mchanga, unapita katikati yake bila kuangusha, unazunguka, unasimama kwenye mstari. Haruna aliitwa. Alipita kama maji. Askari akampa mkono, wenzake wakampigia makofi, nami nikapiga kigelegele kimoja kifupi, kwa sababu alikuwa kaka yangu na nilimfundisha mimi. Nilisogea nikiwa nimeshavaa kaske. Haruna hakuzima injini. Alinitazama mara moja, akatazama lango, akasema, "Nakuja sasa hivi," akaondoka. Nilidhani amekwenda kutia mafuta. Waliitwa watu, wakafanya, wakaenda. Kisha jina langu likaitwa. Nikaenda mbele.

"Moto yako iko wapi?" askari aliuliza.

"Iko na kaka yangu, afande. Anakuja."

"Basi kaa kando, dada. Tutakurudia."

Alinirudia, kweli, hakuwa mtu mbaya. Aliniita tena baada ya wengine, na mara ya mwisho walipokuwa wanakusanya chupa. Msichana mmoja asiyenijua alitaka kuniazima yake, lakini ilikuwa kubwa na mwenye pikipiki, mjomba wake, akakataa. Askari alitazama lango pamoja nami kwa muda. Kisha akafungua kalamu, na kwa kuwa nilisimama karibu niliona alichoandika mbele ya jina langu. Aliandika kwamba sikufika. Nilitaka kumwambia, afande, nimesimama mbele yako. Lakini yeye alikuwa na neno moja tu la kuandika kwa mtu asiye na pikipiki.

Nilirudi kwa miguu, kaske mkononi. Kutoka barabarani nilisikia vicheko vya nyumbani kwetu. Pikipiki ilikuwa mlangoni, imeoshwa, imefungwa kitambaa chekundu kwenye usukani. Ndani walikuwa wanamaliza kula: wali wa Bugarama na nyama ya mbuzi, chakula cha sikukuu, na mbuzi hachinjwi kwa dakika. Haruna alikaa karibu na Papa mkubwa. Aliponiona alisimama, akashindwa kujua afanye nini na mikono yake. "Papa mukubwa aliniambia niirudishe mara moja nikipita," alisema. "Zaina, aliniambia."

Papa mkubwa hakugeuka. "Moto moja haiwezi kuwa na madereva wawili," akasema. "Kaa ule, mwanangu. Umechoka."

Nilipita nyuma ya pazia. Maman alinisogezea sahani yangu iliyokuwa imefunikwa kando ya makaa, na hakuniuliza mtihani umekwendaje. Nilifunua. Vipande vya nyama alivyoniwekea vilikuwa vikubwa kuliko vya Haruna, vikubwa kuliko hata vya Papa mkubwa mwenyewe, vile vya paja ambavyo katika nyumba ile sijawahi kuwekewa. Nikamtazama usoni, akaanza kukoroga makaa yasiyohitaji kukorogwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa anajua tangu asubuhi, wakati ananifunga mtandio.

Nikasema Bismillahi, nikala.